Kiwiko cha Fundi Friji

Watu wengi humjua shemeji yangu kwa jina la Kiwiko. Mimi jina hilo silitumii. Mtu aliyezaliwa na baba na mama, akapewa jina, akasoma, akaoa, akafungua karakana kwa jasho lake, haitwi kwa kipande cha mwili kama nyama buchani. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Siku naolewa ndiye aliyeingiza sanduku langu la nguo ndani, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, na leo ana arobaini na minane na mvi kidevuni.

Ninaandika habari zake kwa sababu zimekwisha kusemwa, na zimesemwa vibaya, saluni, sokoni na kwenye simu za watu wasiojua kriketi huchezwa na wangapi. Nami nimechoka kusimamishwa njiani na kupewa pole zilizojaa umbea.

Ni fundi friji. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango mpana, kati ya duka la viatu na mtu wa kutengeneza simu. Mafriji yamepangwa barazani bila milango kama watu wanaosubiri daktari wa meno. Naye hutibu kama daktari: huinama, akaweka sikio kwenye mashine ya nyuma, akafumba macho, kisha akasema, "Hii inapumua kwa taabu." Mara nyingi huwa sahihi.

Mkono wake wa kulia uliumia akiwa na miaka tisa, alipoanguka kutoka juu ya tangi la maji la shule. Mfupa ulifungwa vibaya ukaunga vibaya. Nimeupima mwenyewe, maana nilifundisha hisabati sekondari miaka ishirini na minane. Akiunyoosha mpaka mwisho wa nguvu zake, unaishia nyuzi mia na arobaini. Arobaini zilizobaki zilikaa kule kwenye tangi. Wateja humtania.

"Fundi, huo mkono utaunyoosha lini?"

"Siku ukinyooka sitafika nyuma ya friji lako, nawe utakunywa maji ya uvuguvugu mpaka ufe."

Aliyempeleka kwenye kriketi ni mume wangu, mpima ardhi kwa kazi na mwamuzi wa kriketi kwa mapenzi. Kwa asiyeujua mchezo nieleze mara moja, kwa sababu ugomvi wote uko hapa. Anayempelekea mpigaji mpira huitwa bola, na kazi yake ni kuboli. Hautupi mpira kama mtu anayemtupia mbwa jiwe. Anauzungusha mkono juu ya bega, anauachia mpira udunde mbele ya mpigaji. Sheria inasema mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko kisinyooke mpaka mpira utoke. Haisemi mkono usiwe umepinda. Mkono uliopinda si kosa. Kosa ni mkono uliopinda kunyooka katikati ya safari, kwa kuwa hapo ndipo mpira unapotupwa. Mtu mwenye mkono kama wa shemeji anaweza kuboli maisha yake yote bila dhambi, mradi uanze umepinda na uishe umepinda vilevile.

Kwenye mashindano makubwa wana mitambo ya kupima hayo. Sisi wa ligi ya Jumapili tuna macho tu, na kila mtu huamini yake ndiyo mazima. Kwa sababu hiyo marehemu aliiandikia ligi ukurasa mmoja, ukabandikwa nyuma ya mlango wa stoo ya vifaa. Mwamuzi akimtilia bola shaka, asipige kelele. Amwambie nahodha wa bola kwa sauti ya chini, mechi iendelee. Baada ya mechi waamuzi wote wawili waandike walichokiona, kila mmoja peke yake. Kisha bola aitwe aboli mbele ya watu watatu wasio wa timu yoyote kati ya zile mbili. Mpaka hapo ni mchezaji kama wengine, na jina lake halichezewi.

Marehemu aliamua mechi miaka kumi na minne. Alipofariki, miaka mitatu sasa, ligi ilirudia desturi yake ya kivivu: timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi, kutoka kwa wachezaji wake waliokaa bure. Yaani unahukumiwa na rafiki wa mtu unayejaribu kumtoa. Nilisema tangu mwanzo kwamba siku moja itazaa aibu. Nani amsikilize mjane mwenye chupa ya chai?

Aibu ilizaliwa Jumapili moja saa tano asubuhi. Upande wa pili alikuwepo mwalimu wa udereva ambaye mji mzima humwita Breki, kwa sababu ndilo neno analolipigia kelele kutwa ndani ya gari la mafunzo. Shemeji alimtoa kwa mpira wa pili. Sifuri. Mpira ulikuja kwa kasi, vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji vikalala. Breki akatoka anabamiza gongo lake chini, akavua kinga za miguu, na kwa kuwa sasa alikuwa bure, akavikwa koti jeupe la mwamuzi na kupelekwa kusimama pembeni. Hebu fikiria. Mtu uliyemwaibisha dakika kumi zilizopita anapewa koti na filimbi ya roho yako.

Shemeji aliporudi kuboli, Breki akanyoosha mkono kuonyesha kwamba mpira haukubaliki. "Noboli!"

Watu wakatazamana. Mpira uliofuata, tena. "Noboli!" Wa tatu alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Noboli! Huyu anatupa!"

Shemeji akasimama katikati ya kiwanja na mpira mkononi. "Breki, mkono wangu umeanza kuuona leo?"

"Nimeuona miaka yote! Nani angesema? Kaka yako ndiye alikuwa mwamuzi, kaka yako ndiye alikuwa sheria. Miaka kumi na minne anakufunika na koti lake!"

Wapo waliocheka. Nawajua kwa sura na nitawakumbuka.

Mimi nilikuwa chini ya turubai nikimimina chai. Niliweka chupa chini, nikaingia kiwanjani moja kwa moja, na viatu vyangu vya visigino, juu ya mkeka wanaochezea ambao hata mbwa hufukuzwa asiukanyage.

"Mama Mwalimu, mkeka! Visigino!" mtu akalia.

"Mkeka utafumwa," nikasema. Nikamfikia Breki. "Rudia ulichosema."

"Mama, mimi nasema ya mchezo tu."

"Umemsema mume wangu. Mume wangu hachezi. Yuko chini ya udongo na hawezi kukujibu, ndiyo maana umepata ujasiri. Alipokuwa hai ulikuwa unamshikia mwavuli."

"Mama, watu wote wanasema."

"Nitajie wawili."

Akaanza kurekebisha kola ya koti. Huyo ndiye Breki, breki zake zote ziko kwenye gari, mdomoni hakuna hata moja. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile ile muuza mkate aliniuliza kama ni kweli marehemu alikuwa "anapanga matokeo". Mpima ardhi aliyekataa kusogeza jiwe la mpaka hata kwa unene wa kidole, leo anapanga matokeo ya mchezo ambao zawadi yake ni kikombe cha bati.

Jumatano kamati iliketi kwenye duka la mwenyekiti. Mwenyekiti wetu ni fundi miwani. Tulikaa kati ya makabati ya vioo, fremu mia mbili zikitutazama. Nilimsindikiza shemeji bila kualikwa, na hakuna aliyethubutu kunitoa. Nusu ya kamati nimewafundisha.

Mwenyekiti akakohoa. "Fundi, hebu nyoosha mkono."

Shemeji akanyoosha.

"Nyoosha zaidi."

"Hapa ndipo mwisho, Mwenyekiti. Tangu darasa la tatu."

Mwenyekiti akawageukia wenzake kama aliyekamata mwizi. "Mnaona wenyewe. Haunyooki. Katibu, andika, mkono haunyooki. Kwa hiyo shaka la mwamuzi lina msingi."

Katibu akaandika. Watu wazima sita, wenye wake na watoto, wakatikisa vichwa kukubali.

"Subiri," nikasema. "Kama haunyooki, anatupaje? Kutupa ni kunyooka. Mmemwita hapa kwa kosa la kunyoosha mkono, na ushahidi wenu ni kwamba hawezi kuunyoosha. Mwenyekiti, una miwani mia mbili humu ndani. Chagua moja uvae."

Katibu alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya. Mwenyekiti huyu nilimfundisha pembe kidato cha pili. Alipata thelathini na moja kwa mia, na hata hizo nilimpendelea.

"Mama Mwalimu, sisi tunataka tuyamalize kwa amani. Fundi apumzike msimu huu, Breki aombe radhi, yaishe."

"Apumzike kwa kosa gani? Akipumzika, mji utasema kamati imethibitisha. Na mume wangu atakuwa amethibitishwa pamoja naye. Hapana. Upo ukurasa nyuma ya mlango wa stoo. Ufuateni. Watu watatu wasio wa timu yoyote, aboli mbele yao, waone."

Wakakubali, Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilitoka pale nimeinua shingo kama twiga. Shemeji alitembea nyuma yangu kimya. Nilidhani ni shukrani.

Binti yangu ni mpiga picha wa harusi. Ana kamera inayoweza kupunguza mwendo mpaka ukaona chozi la bibi harusi linavyotoka. Nikamwambia, Jumamosi wale watatu watatumia macho. Sisi tuwe na kitu kisichobishaniwa. Alhamisi mchana tukaenda kiwanjani watatu, jua kali, hakuna mtu. Akaisimamisha kamera pembeni, pale anaposimama mwamuzi.

Shemeji akaboli mipira yake ya polepole, ile inayodunda na kujipinda kama inayokumbuka kitu ilichosahau. Sita. Kumi. Nikaridhika.

"Sasa ile ya kasi," nikasema.

Akainama akafunga kamba za viatu. Akazifungua, akazifunga tena. "Shemeji, ile Jumamosi sina haja nayo."

"Kwani watakuuliza una haja? Boli."

"Bega linaniuma kidogo."

"Baba mdogo, mmoja tu," binti akasema. "Nimeshaweka mwanga."

Akaboli. Mpira ukapita kama umefukuzwa. Akachukua kofia yake chini, akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

Nyumbani tukaketi mezani, kompyuta ya binti katikati. Nilitoa kipimapembe changu cha shule. Mpira wa polepole, mkono ulipofika usawa wa bega, kiwiko kilikuwa nyuzi mia thelathini na nane. Mpira ulipotoka, mia na arobaini. Tukajaribu mwingine, ikawa vilevile. Nikacheka kwa furaha, nikasema Breki nitamtengenezea fremu ya picha hii aitundike kwenye gari lake.

Kisha binti akafungua ule wa kasi.

Sikuhitaji kipimapembe, lakini nilikiweka. Usawa wa bega, nyuzi mia na tano. Mpira ulipotoka, mia na arobaini. Kiwiko kilijikunja nyuma kama mtu anayechota maji, kisha kikafyatuka. Mkono usioweza kunyooka wote ulikuwa umenyooka kwa kiasi chote unachoweza. Nilirudisha picha mara tano. Kila mara ulifyatuka.

Shemeji alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Shemeji..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu msimu uliofuata msiba. Umri umekwenda. Vijana walikuwa wananipiga kila mpira unavuka uzio, wananiita babu. Siku moja nikaiachia ile. Mtu akatoka. Nikasema mara moja tu."

"Misimu mitatu ni mara moja?"

Akakunja pembe ya kitambaa cha meza. Na hapo, badala ya kumkasirikia kama alivyostahili, nikapata faraja ya haraka haraka. Nikasema, "Basi kaka yako hakuiona kamwe. Breki ni mwongo."

Laiti angesema ndiyo. Ni mtu asiyejua kusema uongo kwa mdomo. Uongo wake wote ulikuwa mkononi.

"Aliiona, shemeji. Mara moja, miaka tisa nyuma. Niliijaribu kwenye mechi. Yeye ndiye aliyesimama pembeni. Hakupaza sauti. Jioni akaniita hapa, meza hii hii, wewe ulikuwa shuleni unasahihisha mitihani. Akaniambia, ile usiiboli tena maadamu niko hai. Nikaiacha. Nilimheshimu."

"Akaandika?"

"Hakuandika."

"Alimwambia nahodha wako?"

"Aliniambia mimi tu."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji bila sababu. Sijui nieleze vipi hasira ya kumkasirikia mtu uliyemzika. Huna pa kuipeleka. Ukurasa ule aliuandika yeye, mezani pale pale, nami nilimsahihishia nukta na mkato. Kila mwamuzi aandike alichokiona. Kila mmoja, alisema, hata ikiwa ni ndugu yake. Maneno hayo tuliyafuta mwisho kwa sababu niliona hayana haja, nani angeyatilia shaka? Watu wengine aliwaandika. Kijana mmoja wa kazi za saruji aliacha kriketi kabisa baada ya kuandikwa. Wa kwetu akamwita nyumbani, akampa chai.

Niliporudi, shemeji alikuwa amesimama. "Jumamosi wataniomba niboli. Hawatauliza aina. Hawajui kuuliza. Nitaboli polepole, wataniachia, nami naapa ile sitairudia. Jina la kaka litasafika, shemeji. Si ndilo unalolitaka?"

"Mama," binti akasema taratibu, "baba mdogo anasema kweli. Akisafishwa yeye, baba naye amesafishwa."

"Nendeni," nikawaambia. "Wote wawili. Sitaki kuona mtu."

Ijumaa wifi yangu, dada yao mkubwa, akapiga simu. Shemeji alikuwa amemweleza yote, kwa kuwa katika ukoo huo hakuna siri inayolala njaa.

"Wifi, nasikia unataka kumwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Sijaamua ninataka nini."

"Kuna la kuamua? Damu nzito kuliko maji. Ndugu yangu yuko kaburini, huyu mwingine ndiye aliyebaki. Unataka kuwavua nguo wote wawili kwa ajili ya mpira?"

"Sikuwavua mimi. Nimewakuta hivyo."

"Wewe na elimu yako," akasema, akakata simu.

Nilikasirika naye siku nzima, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa kwa sababu nilitaka kumtii. Ilikuwa rahisi mno. Nisingesema uongo hata mmoja. Ningekaa kimya tu kwenye kiti cha plastiki, na kimya changu kingefanya kazi yote, kama cha mume wangu kilivyofanya.

Jumamosi saa tatu walikuwepo watu watatu wa nje: nesi mmoja aliyewahi kucheza, mhasibu wa kiwanda cha rangi, na mzee wa posta mwenye masikio mazito lakini macho ya mwewe. Mwenyekiti alikuja, katibu na daftari lake la kumbukumbu, na Breki, mikono mifukoni. Shemeji alivaa shati la mikono mifupi, kiwiko kionekane.

Akaboli polepole. Mipira kumi na miwili. Mzee wa posta alizunguka huku na huku, akachuchumaa, akasimama nyuma, akasimama pembeni. Kisha wakanong'onezana.

"Mkono umepinda," nesi akasema, "ila haunyooki hata kidogo. Ni safi."

"Safi kabisa," mhasibu akasema.

Mwenyekiti akapiga makofi. "Safi! Breki, umesikia? Mpe fundi mkono, mpe Mama Mwalimu radhi yake, tunywe chai."

Breki akatoa mikono mifukoni. Alikuwa anakuja kwangu, uso umemwiva, kuniomba radhi mbele ya watu kwa alichokisema juu ya mume wangu. Nilikuwa nimeingoja radhi hiyo siku sita. Nilikuwa nimeiota. Akafungua kinywa, nami nikatambua kwamba nikiipokea, nitakuwa nimeiiba.

"Ngoja," nikamwambia. "Hamjaomba ya kasi."

Shemeji akanitazama kama mtu aliyesukumwa na mkono anaoujua.

"Ya kasi ipi, Mama?" mwenyekiti akauliza.

"Iliyomtoa Breki."

"Ile!" Breki akaruka. "Ile ndiyo niliyosema mimi! Ile!"

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja."

Shemeji aliuchukua mpira, akarudi nyuma mbali. Angeweza kuilegeza. Angeweza kuiboli nusu kasi, mkono umekazwa, na wale watatu wasingejua. Mimi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua. Alikimbia, akaja, akaitupa yote, kwa nguvu zote alizo nazo, kiwiko kikafyatuka mbele ya macho ya kila mtu. Kijiti cha kati kikang'oka kikaruka mpaka kwenye nyasi.

Hakuna aliyehitaji kamera. Nayo niliiacha nyumbani.

"Ndiyo hiyo," shemeji akasema, anahema. "Misimu mitatu. Breki hakusema uongo juu yangu."

"Na juu ya kaka yako?" Breki akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Hilo liliniuma zaidi.

Shemeji akafungua kinywa. Nikamtangulia, kwa sababu hilo lilikuwa langu. "Aliiona mara moja, miaka tisa iliyopita. Alimkataza nyumbani badala ya kuandika kama alivyowaagiza ninyi wote mwandike. Huyu akaiacha mpaka kaka yake alipofariki. Haikuwa miaka kumi na minne, Breki, ilikuwa siku moja. Lakini siku hiyo ilikuwepo. Katibu, andika."

Mwenyekiti akanisogelea, sauti chini. "Mama Mwalimu, hili la marehemu si lazima. Sisi tuliomheshimu..."

"Ndiyo maana liandikwe. Kama heshima yenu ilikuwa ya mtu asiyekosea, haikuwa yake. Na ukiandika hilo, andika pia kwamba mwalimu wa udereva alivunja ukurasa ule ule, alipiga kelele mahali pa kunong'ona, akiwa ametolewa dakika kumi kabla na mtu aliyemhukumu. Na andika kwamba kamati hii imeruhusu wapigaji wawe mahakimu wa mabola wao kwa miaka mitatu, kwa uvivu. Mkiandika la kwetu mkaacha ya kwenu, sitaondoka hapa."

"Kwani mimi nina kosa gani? Nilikuwa sahihi!" Breki akasema.

"Hata saa iliyosimama huwa sahihi mara mbili kwa siku. Hatuipi koti jeupe."

Mzee wa posta ndiye aliyecheka kwanza, na alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Walimfungia shemeji mechi nne, na ile ya kasi asiiboli tena kamwe. Akiirudia mara moja, anaondoka kwenye ligi. Alikubali. Nilimwona akiokota kijiti kwenye nyasi na kukirudisha mahali pake, akakigonga kwa kiganja mpaka kikasimama wima. Kisha akapita mbele yangu akaenda karakana, na friji langu lilipoharibika nikaliacha hivyo hivyo wiki mbili, maziwa yakaganda kwa uchachu, kwa sababu sikuweza kumwita na sikuweza kumwita fundi mwingine.

Wifi hajanipigia. Watu wawili wa ukoo wameniambia mficha uchi hazai, wakidhani wananifariji. Wengine wanasema nimemuuza mdogo wa mume wangu ili nionekane mwadilifu. Wanaosema hivyo waje walione friji langu.

Jumatano ya pili katibu akaniita dukani kwa mwenyekiti kusoma kumbukumbu za kikao na kutia sahihi, kwa kuwa nilitoa ushahidi. Shemeji alikuwepo, naye ametakiwa kusaini sehemu yake. Alisoma kipande chake, hakubadilisha kitu, akasaini kwa ule mkono. Kisha akaniwekea daftari mbele yangu, akabaki amesimama.

Nikasoma. Yote yalikuwemo, la Breki na la kamati, kwa mwandiko kama wa miguu ya kuku. Nikafika kwa mume wangu. "Marehemu, ambaye ligi inamheshimu sana, alifanya kosa dogo la kutoandika taarifa."

"Nani kaweka 'dogo'?" nikauliza.

"Mimi, Mama," mwenyekiti akasema. "Nilidhani utapenda."

Kwa sekunde chache nilipenda. Kisha nikamkumbuka yule kijana wa saruji.

Nikachukua kalamu nikalikata neno lile kwa mstari mmoja, ulionyooka na safi kama nilivyokuwa nikikata kosa kwenye daftari la mwanafunzi ninayempenda, nikatia sahihi pembeni. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Shemeji aliegemea kabati la fremu akitazama wino ukikauka.

"Friji lako," akasema mwisho, "linapumua kwa taabu?"

"Limekufa kabisa."

"Nitapita Jumamosi." Akafungua mlango wa duka, akaushikilia nipite. "Usiniandalie chai."